Samuel Teleki na Ziwa Lililokwisha Kuwa na Jina

Longech ni ulimi wa mchanga uliojitokeza katika Ziwa Turkana na kuikumbatia Ghuba ya Ferguson, karibu na mji mdogo wa Kalokol, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Wakazi wake ni wavuvi wa Kiturkana, na vibanda vyao huezekwa kwa majani ya mikoma. Wageni wenye mahema hufika huko hasa wakati wa kiangazi, barabara zinapopitika, ili wavuke kwa mashua hadi Kisiwa cha Kati kutazama mamba na maziwa madogo yaliyo ndani ya vinywa vya volkano. Mgeni aliyelala Longech huamshwa na upepo mkali unaovuma kutoka ng'ambo ya ziwa, na anapotoka hemani jua huwa linachomoza upande ule ule. Ng'ambo hiyo ya mashariki ndiko alikopita kwa miguu, mwaka 1888, kabaila mmoja wa Kihungaria ambaye vitabu vya historia kwa muda mrefu vilimpa sifa ya kuwa mvumbuzi wa ziwa hili. Jina lake ni Samuel Teleki.

Teleki alizaliwa tarehe 1 Novemba 1845 huko Sáromberk, katika nchi ya Transilvania ambayo wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Austria na leo ni sehemu ya Rumania. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye mali na elimu. Mmoja wa wahenga wake, ambaye pia aliitwa Samuel, ndiye aliyeanzisha maktaba mashuhuri katika mji wa Marosvásárhely. Kijana huyu alisoma katika vyuo vikuu vya Ujerumani, akawa afisa wa askari wa farasi, na mwaka 1881 akaingia katika bunge la Hungaria. Hata hivyo, si siasa wala vitabu vya babu yake vilivyomvuta sana. Alipenda kuwinda. Alipenda pia kula na kunywa, na kufikia umri wa miaka arobaini mwili wake ulikuwa umevuka kilo 100. Mtu wa namna hiyo hakuelekea kuwa msafiri wa nyikani, na pengine yeye mwenyewe hakuwahi kujidhania hivyo hadi urafiki wake na Rudolf, mrithi wa kiti cha himaya ya Austria na Hungaria, ulipombadilishia mwelekeo.

Teleki alikuwa amepanga safari ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki. Rudolf, ambaye alikuwa na mapenzi ya elimu ya viumbe na jiografia, alimshawishi aupeleke msafara wake kaskazini, kwenye ziwa ambalo habari zake zilikuwa zimefika Ulaya bila Mzungu yeyote kuliona. Isitoshe, alimpa mwenzi wa safari: Ludwig von Höhnel, afisa kijana wa jeshi la majini, aliyezaliwa mwaka 1857, hodari wa kupima ardhi na kuchora ramani. Wawili hawa walitofautiana kwa umri, kwa umbo na kwa tabia. Teleki ndiye aliyelipa gharama na kuwinda. Höhnel ndiye aliyehesabu nyuzi za latitudo na kuandika. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa karibu yote yanayojulikana na wengi kuhusu Teleki safarini yamepitia katika kalamu ya Höhnel.

Inafaa kuuliza habari za ziwa hilo zilifikaje Ulaya. Zilifika kwa Kiswahili. Tangu kati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa walikuwa wakivuka nchi ya Wamaasai hadi Baringo na kaskazini yake. Mmisionari Thomas Wakefield, aliyekuwa Ribe, alizikusanya njia za misafara hiyo kutoka kinywani mwa Sadi bin Ahedi, naye akazichapisha London mwaka 1870. Joseph Thomson alipofika Baringo mwaka 1883, alisimuliwa habari za ziwa kubwa lililokuwa upande wa Samburu. Na huyo Thomson alisafiri sehemu ya njia yake pamoja na msafara wa Jumbe Kimemeta, tajiri wa pembe kutoka Pangani, mtu aliyezijua njia za bara kama mvuvi anavyoijua miamba ya pwani yake. Miaka mitatu baadaye Teleki alipohitaji kiongozi, alimchukua Jumbe Kimemeta huyo huyo.

Msafara uliondoka Pangani mapema mwaka 1887. Ulikuwa na mamia ya watu: wapagazi kutoka Unguja na Pangani, askari, viongozi wa njia na Wasomali wachache waliokuwa walinzi. Juu ya wote alikuwapo Dualla Idris, Msomali aliyekwisha kumtumikia Stanley huko Kongo na ambaye baadaye angemtumikia Lugard huko Uganda. Mizigo ilikuwa mitumba ya merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali, waya za chuma na shaba, baruti na risasi, mahema, na vyakula vya mabwana. Kila mpagazi alijitwika kilo 30 au zaidi, ukiondoa bunduki yake, mkeka wake na posho yake. Baadhi yao walikuwa watumwa, na sehemu ya ujira wao ilibaki mikononi mwa waliowamiliki mjini.

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuupita msafara kama huu bila kusimama kidogo kwenye msamiati wake. Maneno safari, kambi, posho, askari, mnyapara na kirongozi yalikuwa zana za kazi kwenye njia hizo kabla hayajaingia katika vitabu vya Wazungu au katika ofisi za serikali za kikoloni. Neno kambi limeendelea kusafiri. Katika Turkana ya leo, likitajwa pamoja na Kakuma, humaanisha makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1992. Lipo pia neno telekeza. Leo hutumika zaidi kwa maana ya kumwacha mtu bila msaada. Katika lugha ya misafara lilikuwa jina la mwendo wa namna maalumu: chungu kiliinjikwa mapema, watu wakala adhuhuri, wakajaza maji vibuyuni, wakaondoka alasiri na kulala mahali pakavu, ili wayafikie maji siku ya pili kabla ya jua kali. Kwamba jina la Teleki linakaribiana na kitenzi teleka ni sadfa tu, ingawa ni vigumu kuamini kwamba wapagazi, watu wa mizaha mingi, hawakuligundua jambo hilo. Katika safari hii maana zote mbili za telekeza zilitembewa.

Mwezi Juni 1887 Teleki na Höhnel walijaribu kuupanda Kilimanjaro. Höhnel aliishiwa nguvu karibu na mita 5,000. Teleki, pamoja na unene wake, aliendelea peke yake hadi kwenye ukingo wa theluji, yapata mita 5,300, akarudi kwa sababu ya usingizi mzito wa kukosa hewa na midomo iliyopasuka. Kilele kilifikiwa miaka miwili baadaye na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller. Baada ya hapo msafara ulipita katika nchi ya Wakikuyu, ambako Thomson aliambaa pembeni tu. Huko kulikuwa na chakula tele, viazi na maharagwe, na kulikuwa na mapigano pia. Hongo ilidaiwa, ikajadiliwa, ikalipwa. Mara nyingine bunduki zilizungumza, vijiji vikachomwa na mifugo ikachukuliwa. Simulizi za baadaye zinazomwonyesha Teleki kama mtalii mcheshi aliyependa kupanda milima hupita mbio juu ya majuma haya.

Oktoba 1887 akaupanda Mlima Kenya kutoka upande wa magharibi. Alivuka msitu wa mianzi, akatokea kwenye uwanda wa juu wenye mimea ya ajabu, akaendelea kupanda. Hakuna Mzungu aliyekuwa amefika huko kabla yake. Bonde aliloliona linaitwa Bonde la Teleki hadi leo, na mmea mmoja mrefu wenye manyoya, unaosimama kama mkia wa mnyama kati ya mawe, wataalamu wa mimea wanauita Lobelia telekii. Wapanda mlima wanaofuata njia ya Naro Moru katika miezi ya ukavu, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, hulala katika bonde hilo kabla ya kuelekea Kilele cha Lenana. Wengi wao hulitaja jina hilo pasipo kujua ni la nani.

Sehemu ngumu ya maisha ya Teleki ilianzia Baringo. Msafara ulikaa huko majuma mengi ukitafuta nafaka, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekosekana na wenyeji hawakuwa na cha kuuza. Ilibidi watu watumwe mbali kununua chakula. Höhnel aliugua tumbo la kuhara damu hata akakaribia kufa. Mwezi Februari 1888 waliondoka kuelekea kaskazini, na kila siku iliyopita nchi ilizidi kuwa tupu. Waturkana huugawa mwaka katika akiporo, majira ya mvua, na akamu, majira ya ukame. Wakati wa akamu wafugaji huhamisha mifugo yao kwenda milimani na kwenye mito mikubwa ambako majani na maji hubaki. Teleki aliingia katika nchi hiyo mwishoni mwa ukame, akifuata kalenda ya haja zake. Wenyeji waliojua kuisoma ardhi walikuwa wamekwisha kuondoka njiani mwake, jambo ambalo lilimfanya adhani nchi haina watu.

Mwanzoni mwa mwezi Machi, kutoka mitelemko ya karibu na Mlima Nyiro, waliuona uso wa maji ukimetameta mbali chini yao. Tarehe 6 Machi 1888 waliufikia ufuo, baada ya kushuka juu ya mawe meusi ya volkano yaliyokata nyayo za wapagazi. Kando ya ncha ya kusini mlima mmoja ulikuwa ukitoa moshi na moto. Höhnel aliuandika kwenye ramani kwa jina la Teleki. Watu waliokuwa na kiu ya siku nzima waliyakimbilia maji. Yalikuwa ya magadi. Yanaweza kunywewa na mtu asiye na mengine, lakini hayakati kiu, na kwa tumbo lenye njaa ni adhabu. Furaha ya kufika na huzuni ya onja hiyo vilitokea katika saa moja. Teleki akaliita ziwa hilo Rudolf.

Ziwa lilikuwa na majina. Wasamburu waliliita Basso Narok, yaani maji meusi, na Höhnel mwenyewe alilijua jina hilo na kuliandika. Waturkana wanaliita Anam Kaalakol, ziwa la samaki wengi, na jina la Kalokol lina asili hiyo hiyo. Waelmolo, wavuvi wachache wanaoishi kwenye visiwa na mwambao wa kusini-mashariki, walikuwa wakilivua na kulila. Hivyo tendo la Teleki halikuwa la kukipa jina kitu kisicho na jina. Lilikuwa zawadi ya mtu kwa rafiki yake, iliyotolewa kwa mali ya wengine. Mkosoaji wa leo anaweza kuishia hapo na kuridhika. Lakini ipo hoja nyingine isiyotajwa sana: Jumbe Kimemeta alikuwapo. Mtu wa Pangani alisimama kando ya maji yale siku zile zile, akiwa na ujuzi wa nchi uliowafikisha wote. Yeye hakuwa na haja ya kuliita ziwa jina lolote, kwa maana alichokuja kukitafuta ni pembe, nazo alizipata. Ramani haikuwa biashara yake. Hapo ndipo inapoonekana kwamba uvumbuzi, kwa maana iliyotumiwa na vyama vya jiografia vya Ulaya, ulikuwa kazi ya kalamu zaidi ya kuwa kazi ya miguu.

Kazi ya miguu iliendelea kwa majuma manne kando ya ufuo wa mashariki. Upepo ule unaowaamsha wageni wa Longech ulikuwa ukiyang'oa mahema yao na kuwamwagia mchanga katika chakula. Nafaka ilikuwa ya kupimwa kwa vikombe. Teleki aliwinda kila siku, na bila bunduki yake huenda msafara usingefika mwisho. Hata hivyo idadi ya ndovu na faru aliowaua katika safari nzima, faru wakihesabiwa kwa makumi, ilizidi mahitaji ya vyungu. Mwili wake ulipungua hadi nguo zikamning'inia. Kwa wapagazi kupungua hakukuwa jambo la kuchekesha. Waliodhoofika walibaki nyuma. Aliyeshindwa kunyanyuka asubuhi alipewa maji kidogo ikiwa yapo, na mzigo wake ukahamishiwa kichwa kingine. Baadhi waliletwa kambini usiku na wenzao. Wengine hawakuonekana tena.

Mwezi Aprili walifika kwa Wadaasanach, kaskazini mwa ziwa, ambako mtama ulikuwapo na watu wakarudiwa na nguvu. Kutoka huko walikwenda mashariki hadi ziwa la pili, dogo na lisilo na kina, nalo likapewa jina la Stefanie, mke wa Rudolf. Njia ya kurudi ndiyo iliyowafikisha katika nchi ya Waturkana. Walizunguka ncha ya kusini, wakaelekea magharibi kwenye mito ya Kerio na Turkwel, kusini mwa mahali ilipo Longech. Waturkana waliwapokea kwa udadisi na bila woga. Lakini wafugaji katika mwaka wa njaa hawana cha kuuzia mamia ya wageni, na shanga hazinunui mbuzi ambaye mwenyewe anamtegemea kwa maziwa. Wapagazi wakaishi kwa matunda ya mwituni na majani. Walipofika kwa Wapokoti hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba msafara ulinyang'anya mifugo kwa nguvu. Wengi walikufa kabla ya kuiona Baringo tena.

Walitokea Mombasa mwezi Oktoba 1888. Pangani, walikoanzia, ilikuwa imewaka moto wa vita: Abushiri bin Salim na wenzake walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyojitwalia mwambao. Pwani waliyoiacha watu wale karibu miaka miwili nyuma haikuwapo tena, na biashara ya misafara ya akina Kimemeta, iliyowezesha safari yote, ilikuwa inaingia katika siku zake za mwisho.

Teleki alirudi kwao na habari za kumpa rafiki yake. Lakini tarehe 30 Januari 1889 Rudolf alikutwa amekufa katika nyumba ya uwindaji huko Mayerling, pamoja na msichana Mary Vetsera. Yeye na Stefanie walikwisha kuwa mbalimbali kimoyo zamani, ila kwenye ramani ya Afrika majina yao yaliendelea kukaa jirani. Höhnel alichapisha kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1892, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1894. Teleki hakuandika kitabu. Mwaka 1895 alirudi Afrika ya Mashariki akijaribu tena Kilimanjaro, na tena hakufika kileleni. Alikufa mjini Budapest tarehe 10 Machi 1916, wakati himaya aliyoitumikia ilikuwa katika vita ambavyo ingevunjikia.

Ziwa Stefanie linajulikana sasa kwa jina la Chew Bahir, na kwa muda mwingi limekuwa uwanda wa chumvi kuliko ziwa. Ziwa Rudolf lilibadilishwa jina na serikali ya Kenya mwaka 1975, likawa Turkana. Kuna wanaonung'unika kwamba jina hilo jipya limependelea jamii moja kati ya zile zinazolizunguka, na nung'uniko hilo lina haki yake, kwa kuwa Waelmolo, Wadaasanach, Wasamburu na Wagabra nao wanakunywa na kuvua humo. Ramani hata hivyo imehifadhi mlima wa volkano wa Teleki kwenye ncha ya kusini, na bonde lake katika Mlima Kenya. Jumbe Kimemeta hana kilima wala ghuba. Longech, maji yamepanda miaka ya karibuni, yakafunika sehemu ambazo wavuvi walijenga na wageni walipiga mahema, nao wamesogeza vibanda vyao mahali palipoinuka.